Mfadhili na Mchoraji: Habari ya Picha ya Madhabahu ya Weimar

Hotuba iliyotolewa mbele ya usharika na wageni wa dayosisi wakati wa maadhimisho ya miaka mia moja



Kamati ya maadhimisho iliniomba nizungumze juu ya picha kanisani. Ombi hilo halikuja bure. Tangu mipango ya jubilei ilipoanza kumekuwa na mazungumzo, mengine ya upole na mengine ya moto, kuhusu ukuta mtupu ulio nyuma ya madhabahu yetu. Wapo wanaotaka uchorwe. Wapo wanaosema kwamba Mlutheri hana haja ya picha, Neno latosha. Na wapo waliokubali picha lakini wakauliza swali gumu zaidi: atakayeilipia, jina lake na sura yake vitaonekana wapi? Sikutumwa kuamua jambo hilo, maana Baraza la Wazee lina kazi yake. Nimeona vema nilete mbele yenu habari ya picha moja tu, ya mtu aliyeigharimia na ya mtu aliyeichora, kwa sababu wote wawili wamo ndani ya picha yenyewe, na mahali walipowekwa panastahili kutazamwa kwa makini.

Picha hiyo iko Weimar, Ujerumani, katika Kanisa la Mtakatifu Petro na Paulo. Weimar si mbali na Leipzig, mji ambao jina lake linajulikana kwetu kwa sababu Misheni ya Leipzig ndiyo iliyoanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Kwa hiyo ninaposimulia mambo ya Saksonia, nasimulia habari za nchi ambayo baadhi ya waliotuletea katekisimo walitoka.

Kwanza niondoe hofu moja. Mwanzoni mwa mwaka 1522, Luther alipokuwa bado amefichwa katika ngome ya Wartburg, mwenzake Andreas Karlstadt alihubiri na kuandika huko Wittenberg kwamba picha zote ziondolewe makanisani, na watu wakaingia wakazibomoa. Luther alirudi mwezi Machi, akapanda mimbarani siku nane mfululizo. Hakuzitetea picha kama kitu kitakatifu. Alisema kwamba picha si amri wala si katazo. Kwamba sanamu ya kuabudiwa huanza moyoni kabla ya kufika ukutani. Na kwamba moyo haubadilishwi kwa shoka bali kwa Neno. Miaka 3 baadaye aliandika tena kwamba kila asikiapo habari ya mateso ya Kristo, moyoni mwake hutokea mara moja umbo la mtu aliyetundikwa msalabani. Ikiwa si dhambi umbo hilo kuwamo moyoni, akauliza, litakuwaje dhambi likiwa mbele ya macho? Mwaka 1529 akatia mfululizo wa picha za Biblia katika kitabu chake cha sala, kwa ajili ya watoto na watu wa kawaida. Basi asemaye kwamba Ulutheri na picha ni maadui, na aulizwe amelitoa wapi neno hilo.

Sasa nije kwa mchoraji. Lucas Cranach alizaliwa karibu na mwaka 1472 katika mji wa Kronach, na jina la mji ndilo alilojichukulia. Mwaka 1505 aliitwa Wittenberg kuwa mchoraji wa mtawala Friedrich, aliyeitwa Mwenye Hekima. Watawala wa Saksonia walikuwa miongoni mwa wale saba waliokuwa na haki ya kumchagua Kaisari, na cheo hicho cha uchaguzi mkikumbuke, kwa maana kitapotea katika habari hii. Mwaka 1508 Friedrich alimpa Cranach nembo ya nyoka mwenye mabawa, naye akaitumia kama sahihi kwenye kazi zake.

Cranach hakuwa mtu wa kuishi kwa brashi peke yake. Alikuwa na duka la dawa, aliuza mvinyo, alikuwa na nyumba, alikuwa na sehemu katika biashara ya kupiga chapa, na mara tatu alikuwa meya wa Wittenberg. Agano Jipya la Kijerumani la Luther lilipotoka Septemba 1522, Cranach na mwenzake Christian Döring ndio waliogharimia uchapaji wake, na picha 21 za kitabu cha Ufunuo zilitoka katika karakana yake. Alikuwa rafiki wa nyumbani. Luther alimsimamia ubatizo binti yake. Cranach na mkewe Barbara walikuwapo Luther alipomwoa Katharina von Bora mwaka 1525. Na mwaka uliofuata Cranach akamsimamia ubatizo mtoto wa kwanza wa Luther.

Lakini tusimpake mafuta mengi mno. Mkono uleule uliochora kwa ajili ya Luther ulikuwa umekwisha kuchora, mwaka 1509, picha za kitabu kilichotangaza hazina ya masalia ya watakatifu ya mtawala Friedrich. Tena, baada ya ile hoja ya mwaka 1517 juu ya vyeti vya msamaha, karakana ya Cranach iliendelea kupokea kazi kubwa kutoka kwa Kardinali Albrecht, yuleyule ambaye vyeti hivyo viliuzwa chini ya mamlaka yake, na ikampatia picha za madhabahu 16 kwa kanisa lake la Halle. Alikuwa fundi na mfanyabiashara. Aliyelipa alichorewa. Nalisema hili mapema, kwa sababu bila kulijua hatutaelewa uzito wa alilolifanya uzeeni.

Mfadhili wetu ni Johann Friedrich, aliyeitawala Saksonia tangu mwaka 1532. Alimrithi baba yake, Johann, na kabla ya hao alikuwapo yule Friedrich, baba yake mkubwa. Cranach aliwatumikia wote watatu. Johann Friedrich alijua vizuri sana picha inaweza kufanya nini. Mara alipokalia kiti aliagiza karakana ya Cranach imtengenezee jozi 60 za picha ndogo za baba yake na za baba yake mkubwa, yaani picha 120, na malipo yake yameandikwa katika hesabu za mwaka 1533. Picha hizo zilikuwa za kugawiwa. Mtawala mpya alitaka watu wakumbuke ametoka katika ukoo gani. Hapo hapakuwa na injili yoyote. Palikuwa na siasa, na sioni sababu ya kumlaumu kwa hilo, lakini naomba mlikumbuke pia.

Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546. Muda mfupi baadaye vita vikaanza. Kaisari Karl wa Tano alikusudia kuwavunja watawala Waprotestanti waliokuwa wameungana, na upande wake alijiunga Moritz, ndugu wa ukoo wa Johann Friedrich na mtawala wa nusu nyingine ya Saksonia. Huyu Moritz naye alikuwa Mlutheri. Wapo wanaosimulia vita hivyo kana kwamba vilikuwa vya dini dhidi ya dini tu. Lakini kilichomvuta Moritz ni cheo. Tarehe 24 Aprili 1547, huko Mühlberg kando ya mto Elbe, jeshi la Johann Friedrich lilishindwa, naye akakamatwa akiwa na jeraha la upanga kwenye shavu la kushoto.

Alihukumiwa kifo. Husimuliwa kwamba alipoletewa habari hiyo alikuwa akicheza sataranji, na kwamba aliendelea na mchezo. Hukumu haikutekelezwa, mwezi Mei alitia sahihi mapatano ya kuuacha mji wa Wittenberg, sehemu kubwa ya nchi yake, na kile cheo cha kumchagua Kaisari, ambacho kilikwenda kwa Moritz. Mwaka uliofuata Kaisari alitoa agizo la dini ambalo lingewarudisha Waprotestanti kwenye desturi nyingi za zamani. Wengi walilikubali kwa kuogopa. Mfungwa huyu, ambaye kukubali kwake kungeweza kumfungulia mlango, alikataa. Alibaki mateka miaka 5, akiburutwa nyuma ya Kaisari kutoka mji hadi mji. Hata hivyo kutoka kifungoni aliwaagiza wanawe waanzishe shule ya juu huko Jena, kwa kuwa chuo cha Wittenberg kilikuwa kimemtoka mikononi. Ilianza mwaka 1548, na mwaka 1558 ikawa chuo kikuu.

Na mchoraji? Cranach alibaki Wittenberg. Alikuwa mzee, mali yake ilikuwa hapo, karakana yake ilikuwa hapo, na mtawala mpya naye angehitaji picha. Kwa mwenendo wake wa zamani tungetazamia kwamba angembadilisha mteja na kuendelea. Zikapita miaka 3. Kisha, mwaka 1550, akiwa na umri wa karibu miaka 78, alimwachia karakana mwanawe, aitwaye pia Lucas, akafunga safari kwenda Augsburg kukaa na mtawala asiye na nchi. Alimfuata na Innsbruck. Moritz alipomgeukia Kaisari na kumpiga vita, Johann Friedrich aliachiwa huru, na mwezi Septemba 1552 mateka na mchoraji wake wakaingia Weimar, mji uliokuwa umebaki kwa ukoo huo.

Hapa niruhusuni kutaja jambo la pembeni. Huko Augsburg Kaisari naye alikuwa na mchoraji, tena mkubwa kuliko Cranach: Titian, aliyetoka Venice. Mwaka 1548 Titian alimchora Kaisari Karl akiwa Mühlberg, juu ya farasi, amevaa deraya, ana mkuki mkononi, peke yake katika uwanja wa vita kana kwamba alishinda bila askari. Picha hiyo iko Madrid hadi leo na ni ya fahari kweli. Titian alimchora na mateka pia, mtu mnene aliyevaa nguo nyeusi, kovu likionekana shavuni. Hiyo iko Vienna. Hivyo ndivyo mshindi alivyoikumbuka siku ile. Aliyeshindwa alirudi nyumbani akiwa na mzee mwenye nembo ya nyoka, na walichokiacha wao ni picha ya madhabahu.

Wala hawakuiona imekamilika. Cranach alifariki Weimar tarehe 16 Oktoba 1553. Sibylle, mke wa Johann Friedrich, aliyekuwa amemngoja miaka yote ya kifungo, alifariki Februari 1554, na mumewe akamfuata tarehe 3 Machi, hata wiki mbili hazijatimia. Kazi ikakamilishwa mwaka 1555 na Lucas mwana, kwa ajili ya wana watatu wa marehemu. Wataalamu wanabishana ni sehemu gani ilitoka mkononi mwa baba na ipi mkononi mwa mwana. Mimi naona ubishi huo si mzito sana. La kushangaza zaidi ni kwamba mwana huyo alikuwa akiishi Wittenberg, chini ya ule upande uliomnyang'anya mfadhili cheo, na bado aliichora.

Tuitazame sasa. Ni ubao mkubwa, kimo chake kinazidi mita 3, nao una mabawa mawili yanayofungwa na kufunguliwa kama milango. Katikati amesimamishwa Kristo msalabani, na chini ya msalaba yupo Mwana-Kondoo. Upande wa kushoto Kristo yuleyule, aliyefufuka, amewakanyaga Mauti na Ibilisi. Nyuma kwa mbali yupo mtu anayekimbizwa na hao wawili kuelekea motoni, yupo Musa na mbao za Sheria, lipo kusanyiko la Israeli mbele ya nyoka wa shaba, na wapo wachungaji wa kondoo wakipata habari njema kutoka mbinguni. Yeyote aliyepita darasa la kipaimara ataisoma picha hii bila mkalimani: Sheria inashitaki, Injili inaokoa.

Upande wa kulia wamesimama watu watatu. Yohana Mbatizaji anaonyesha kwa mkono mmoja juu kwa Aliyesulubiwa, na kwa mwingine chini kwa Mwana-Kondoo. Luther ameshika Biblia iliyofunguliwa, kidole chake kikiwa juu ya maandiko, na maandiko yenyewe yanasomeka: ni 1 Yohana 1:7, juu ya kusafishwa kwa damu, Waebrania 4:16, juu ya kukikaribia kiti cha neema kwa ujasiri, na Yohana 3:14-15, juu ya nyoka aliyeinuliwa jangwani. Kati ya hao wawili amesimama mzee mwenye ndevu nyeupe ndefu, mikono ameiunganisha, anatutazama sisi. Ni Cranach. Na kutoka ubavuni mwa Kristo mkondo mwembamba wa damu unaruka hewani na kumwangukia yeye kichwani.

Katika picha za kale damu hiyo hukingwa na malaika kwa kikombe, au hupita mkononi mwa kasisi. Hapa hakuna kikombe, hakuna kasisi, hakuna mtakatifu wa kuombea. Inatoka ubavuni na kumfikia mwuza dawa wa Wittenberg. Wapo wakosoaji waliosema kwamba huku ni kujikweza: mchoraji gani huyu anayejiweka kati ya Mbatizaji na Luther? Nimelifikiri neno hilo na sikubaliani nalo. Kwanza, aliyekamilisha picha ni mwana aliyefiwa, na mahali hapo alipompa baba yake si pa heshima bali pa mwenye dhambi. Pili, mikono yake ni mitupu. Hana brashi, hana nembo mkononi, hana funguo za mji alioutawala kama meya. Katika picha nzima hakuna aliye maskini kama yeye.

Na mfadhili yuko wapi? Hayuko katikati. Johann Friedrich na Sibylle wamepiga magoti katika bawa la kushoto, wana wao watatu katika bawa la kulia. Wao ndio wenye gharama, tena wao ndio wenye mji, na wanatazama katikati kama sisi wengine tunavyotazama kutoka kwenye viti. Mabawa yakifungwa wanatoweka kabisa, na mahali pao huonekana ubatizo wa Kristo na kupaa kwake. Mtu aliyewahi kuagiza picha 120 za ukoo wake ili zigawiwe, mwishoni alitosheka na nafasi ya pembeni inayoweza kufungwa.

Ndugu zangu, msidhani kwamba nasema wafadhili wasionekane. Picha ya Weimar haikuwaficha. Tunawajua kwa sura. Waliochanga mawe, mbao na mabati ya jengo hili miaka iliyopita wanastahili kukumbukwa kwa majina, na ningependa kuona majina ya akina mama waliobeba maji na mchanga kichwani yakiandikwa pamoja na ya waliotoa fedha. Ninachokiona Weimar ni kwamba swali la mahali pa kuwaweka lilijibiwa kwa kuangalia kwanza nani amewekwa katikati. Baraza likifika kwenye jambo la ukuta wetu, na lianzie hapo. Jambo la bei na la rangi ya mafuta au ya maji linaweza kungoja kikao cha pili. Na ikiwa fundi atakayepatikana ni mtu wa hapa, aliyezoea kuandika mabango ya maduka, asidharauliwe kwa hilo. Mmekwisha kusikia Cranach alikuwa mtu wa biashara za namna gani.

Nimalizie na yaliyoipata picha yenyewe. Tarehe 9 Februari 1945 mabomu yaliangukia Weimar na kanisa likaharibiwa vibaya, lakini picha ilinusurika. Jengo lilitengenezwa upya kati ya mwaka 1948 na 1953, na sehemu ya fedha ilitoka kwa mwandishi Thomas Mann, aliyekuwa amepewa Tuzo ya Goethe mwaka 1949. Watu wengi huliita Kanisa la Herder, kwa jina la Johann Gottfried Herder, aliyekuwa msimamizi wa wachungaji huko tangu mwaka 1776 hadi alipofariki mwaka 1803. Tangu mwaka 1998 liko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na wageni huingia kutazama siku za kazi, na Jumapili wenyeji hushiriki Meza ya Bwana mbele ya picha hiyohiyo.

Johann Friedrich na Sibylle wamezikwa ndani ya kanisa hilo. Cranach alizikwa nje, katika makaburi ya Kanisa la Yakobo, na baadaye jiwe lake la kaburi lilihamishiwa ndani, huko makaburini ikawekwa nakala. Kwenye jiwe hilo ameitwa, kwa Kilatini, mchoraji mwepesi kuliko wote. Wengine husema mchonga jiwe aliruka herufi chache, na kwamba alikusudia kuandika mashuhuri kuliko wote. Mimi naliacha kama lilivyo. Mtu aliyetoa jozi 60 za picha kwa agizo moja, jiwe halikumsingizia.